Utii wa Amri na Utii wa Haki: Askari Anapokuwa Mwendesha Mashtaka

Kila tarehe 25 Julai, taifa linapowakumbuka mashujaa wake, mawazo ya watu wa Kagera huelekea Kaboya, wilayani Muleba, yalipo makaburi ya askari waliotoa uhai wao katika vita vya mwaka 1978 na 1979. Kwetu sisi askari si picha ya gazetini. Wazee wetu waliyaona majeshi ya Idi Amin yakivuka mpaka wa Mutukula, wakaona daraja la Kyaka likivunjwa, wakakimbia na watoto mgongoni. Kisha wakawaona vijana wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania wakipita kwenda kuikomboa ardhi yao. Ndiyo maana katika masimulizi ya nyumba nyingi za hapa mwanajeshi ni mtu wa kuaminiwa: huamka mapema, hatamki maneno mawili, wala hapokei kitu chini ya meza.

Hivi karibuni, baada ya sala ya Jumuiya Ndogondogo ya Kikristo, mazungumzo yaligeukia fedha za kahawa na wale wanaowanunulia wanyonge mazao yao yakiwa bado maua shambani, biashara tunayoiita butura. Mzee mmoja akanigeukia akasema: "Baba Padre, siku watakapompa mwanajeshi kazi ya kuwashtaki watu hawa, watakoma." Wengi waliitikia kwa vichwa. Sikumjibu usiku ule, kwa maana swali lake lilistahili jibu pana kuliko lile ambalo ningeweza kulitoa nikiwa nimesimama mlangoni. Makala hii ni jibu langu kwake, na kwenu nyote, wapendwa waamini, mnaofikiri kama yeye.

Jambo ambalo limekwisha kujaribiwa

Kwanza tukumbuke kwamba wazo la mzee wetu si geni. Kikosi cha Kuzuia Rushwa kilianzishwa nchini mwaka 1975. Mwaka 1991 kikawa taasisi, na kwa miaka mingi, hadi mwaka 2006, taasisi hiyo iliongozwa na mwanajeshi, Meja Jenerali Anatoli Kamazima. Sheria ya mwaka 2007 ikaipa nguvu mpya na jina tulijualo leo, TAKUKURU. Kuanzia mwaka 2019 hadi Mei 2021 ikawa tena chini ya mwanajeshi, Brigedia Jenerali John Mbungo, na baada yake akaja Salum Hamduni, afisa wa Jeshi la Polisi. Basi watu wa sare wamekwisha kukabidhiwa upanga huo, na kila mmoja alifanya kazi kwa kadiri alivyojaliwa. Rushwa haikukoma kwa sababu tu ya cheo cha mabegani.

Lakini yafaa kuona jinsi sheria yetu ilivyojenga milango miwili. TAKUKURU huchunguza, ila kwa makosa mengi ya rushwa, shauri haliwezi kufunguliwa bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Na Katiba yetu, katika ibara ya 59B, inamtaka Mkurugenzi huyo awe mwanasheria mwenye sifa za uwakili kwa muda usiopungua miaka 10, awe huru, asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote. Inamtaka azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Utii kwa mkubwa hautajwi miongoni mwa mambo hayo.

Kwa miaka mingi mlango huo wa pili ulikuwa hafifu. Katika mahakama zetu za wilaya, askari polisi ndiye aliyekamata, ndiye aliyepeleleza, na mwenzake wa kituo kilekile ndiye aliyesimama mbele ya hakimu kushtaki. Sheria ya mwaka 2008 ilianzisha safari ya kuiondoa kazi hiyo mikononi mwa polisi na kuwapa mawakili wa Serikali, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikaundwa kama ofisi inayojitegemea. Safari hiyo ilianza kwa sababu moja rahisi: mtu aliyekwisha kumkamata mwenzake huona vigumu kukubali kwamba amekosea.

Safari ya Noordin Haji

Ili tuone jambo hili katika maisha ya mtu mmoja, tuvuke mpaka hadi kwa jirani zetu wa Kenya. Noordin Haji ni mwanasheria aliyeanza kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, kisha akaingia katika idara ya ujasusi wa taifa na kupanda hadi kuwa mmoja wa viongozi wa kitengo cha kupambana na uhalifu wa kupangwa. Hakuwa mwanajeshi wa mstari wa mbele, lakini alikuzwa katika nidhamu iyo hiyo: siri, amri, na kuilinda dola. Machi 2018 aliapishwa kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wakenya wengi walifurahi kama ambavyo mzee wetu angefurahi. Walisema: sasa amekuja mtu anayezijua siri za wezi.

Na kweli, mwanzo ulikuwa wa kishindo. Agosti 2018 alimshtaki Naibu Jaji Mkuu, Philomena Mwilu. Julai 2019 alimshtaki Waziri wa Fedha aliyekuwa madarakani, Henry Rotich, kuhusu zabuni za mabwawa ya Arror na Kimwarer. Desemba mwaka huohuo aliyekuwa Gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alikamatwa kwa amri yake. Hakuna aliyeweza kusema kwamba sheria ilikuwa inawaandama wanyonge peke yao.

Lakini tutazame mwisho wa mambo. Mei 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu waliyasimamisha mashtaka dhidi ya Naibu Jaji Mkuu, kwa kuwa taarifa zake za benki zilipatikana kwa njia isiyo halali. Novemba 2022, wiki chache baada ya serikali mpya kuingia madarakani, kesi ya mabilioni ya shilingi dhidi ya Rigathi Gachagua, ambaye sasa alikuwa Naibu wa Rais, iliondolewa mahakamani. Afisa mpelelezi alikuwa ameapa kwamba alishinikizwa na mkuu wake kuharakisha mashtaka. Kesi nyingine za watu wakubwa nazo zikafuata njia hiyohiyo. Desemba 2023 Rotich na wenzake waliachiwa huru, na hakimu akaulaumu waziwazi upande wa mashtaka kwa namna ulivyoiendesha kesi. Wakati huo Haji alikuwa amekwisha kuondoka: Juni 2023 aliapishwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa ujasusi, akarudi katika nyumba aliyotoka. Katiba ya Kenya inampa Mkurugenzi wa Mashtaka kipindi kimoja cha miaka 8 ili asiwe na sababu ya kumwogopa wala kumpendeza mtu. Yeye alikaa miaka 5 na kidogo.

Sina uwezo wa kuisoma dhamiri ya mtu, wala si kazi yangu kumhukumu. Huenda kila uamuzi ulikuwa na sababu zake za kisheria. Lakini mwananchi wa kawaida anauliza swali ambalo haliwezi kukwepwa. Kama ushahidi ulikuwapo mwaka 2021, ulikwenda wapi mwaka 2022? Na kama haukuwapo, kwa nini mtu alifikishwa kizimbani? Katiba ya Kenya ina masharti matatu karibu sawa na yale ya ibara yetu ya 59B. Maneno mazuri yalikuwapo. Kilichotiliwa shaka ni kama mtumishi wa haki anaweza kubaki palepale upepo wa madaraka unapogeuka.

Kwa nini nidhamu ya jeshi haitoshi

Hapa ndipo ninapomjibu mzee wangu. Nidhamu ya askari ni fadhila. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, unawahesabu wanajeshi wanaotumikia kwa uaminifu kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa mataifa. Nasi mapadre tuliopita Rubya na Ntungamo tunaijua thamani ya kengele inayolia alfajiri na ya mkubwa anayetiiwa bila manung'uniko. Lakini kila utii una mahali pake. Askari huuliza: nani ni adui, na amri ni ipi? Mwendesha mashtaka huuliza: nini kilitokea, na ninawezaje kukithibitisha? Askari anayerudi nyuma vitani huonekana mwoga. Mwendesha mashtaka anayefuta kesi kwa sababu ushahidi ni dhaifu, hata mbele ya umati wenye hasira, ni shujaa.

Mahakama ya Juu ya Uganda ililigusa jambo hili tarehe 31 Januari 2025, ilipoamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Majaji waliona kwamba chombo ambacho wanaokiendesha huteuliwa na makamanda na kuwajibika kwao hakina uhuru unaotakiwa kwa haki ya raia. Miezi michache baadaye Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuirudisha njia hiyo kwa mazingira fulani, na ubishi ungali unaendelea. Nasi tunaokaa ng'ambo ya mpaka tuusikilize kwa makini, maana kilio cha Watanzania wengi cha kutaka mkono wa chuma kinafanana na kilio kilichowafikisha wenzetu pale.

Je, basi askari hawezi kuwa mwendesha mashtaka mwema? Anaweza. Nchini Marekani, Robert Mueller alipigana Vietnam akiwa afisa kijana wa kikosi cha wanamaji, akajeruhiwa na kupewa nishani. Aliporudi alisoma sheria na kuwa mwendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho. Katikati ya miaka ya 1990, akiwa ameonja mshahara mnono katika kampuni ya mawakili, aliuacha, akaomba nafasi ya kawaida ya kushughulikia kesi za mauaji katika jiji la Washington, akakaa mezani na vijana walioweza kuwa watoto wake. Baadaye aliongoza FBI kwa miaka 12, na mwaka 2017 akapewa kazi ya kuchunguza mambo yaliyomgusa Rais aliyekuwa madarakani. Ripoti yake ya mwaka 2019 haikuwaridhisha waliotaka Rais ashtakiwe, wala waliotaka asafishwe kabisa. Watu wanaweza kubishana kuhusu uamuzi wake, lakini jambo moja lilionekana: alikataa kusema zaidi ya kile alichoona kwamba sheria na ushahidi vinamruhusu kusema. Alichukua kutoka jeshini uvumilivu na kutotafuta faida, akaiacha huko kambini tabia ya kumgawa kila mtu kuwa rafiki au adui.

Jemadari wa Yerusalemu

Maandiko Matakatifu yana afisa wa namna hii. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume tunakutana na Klaudio Lisia, jemadari wa Kirumi mjini Yerusalemu. Umati ulitaka kumuua Paulo. Jemadari alimwokoa kwa nguvu za askari wake, akamfunga minyororo, kisha akaamuru apigwe mijeledi ili aseme ukweli. Hiyo ndiyo njia ya kambini. Lakini aliposikia kwamba mfungwa ni raia wa Rumi aliogopa, akasimamisha kipigo, na kesho yake akawaita washtaki ili ajue kwa hakika shtaka ni nini. Alipopata habari kwamba watu zaidi ya 40 wamekula kiapo cha kumuua mfungwa, alimpeleka usiku kwa liwali Feliki chini ya ulinzi mkubwa, pamoja na barua iliyosema kwamba hakuona kosa linalostahili kifo.

Tunamwona hapo mtu anayejifunza, katika muda wa siku chache, kutoka mjeledi hadi ushahidi. Hata hivyo hakuwa mkamilifu: katika barua yake alijisifu kwamba alimwokoa Paulo kwa kujua ni raia, akanyamaza kuhusu mijeledi aliyokuwa ameiamuru. Ni mara ngapi faili za upelelezi huandikwa namna hiyo! Naye Feliki, msomi wa mambo ya serikali, alimweka Paulo mahabusu miaka miwili akitumaini kupewa fedha. Afisa wa jeshi alitenda vema kuliko liwali mwenye kiti cha hukumu. Kwa hiyo swali halikuwa juu ya sare wala joho. Lilikuwa juu ya nani anaiogopa kweli kuliko anavyoipenda faida yake.

Mtakatifu Yohane Mbatizaji alikuwa amekwisha kuwaambia askari waliomwendea Yordani neno lihusulo hili: wasimdhulumu mtu, wasimshtaki mtu kwa uongo, waridhike na mishahara yao. Hakuwaambia waache kazi. Aliwataka wawe na mikono safi ndani ya kazi ileile.

Mambo ya kwetu

Msidhani, wapendwa, kwamba nazungumzia Nairobi na Washington ili nisiguse ya nyumbani. Baada ya ghasia za uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, mamia ya watu nchini mwetu, wengi wao vijana, walishtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Novemba 14, akilihutubia Bunge, Rais aliwataka wahusika watazame kiwango cha kosa la kila mmoja na kuwaachia waliofuata mkumbo, na siku chache baadaye wengi wakafutiwa mashtaka. Tulimshukuru Mungu kwa kila kijana aliyerudi kwa mama yake. Lakini furaha hiyo haituzuii kufikiri. Kipimo cha kosa la kila mtu kilipaswa kutazamwa kabla ya shtaka kuandikwa, na atazamaye ni Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa macho yake mwenyewe, bila kungoja hotuba. Huruma ya mtawala ni jambo jema. Haki haipaswi kuitegemea.

Katika huduma ya kuwatembelea wafungwa nimekaa na mahabusu ambao kwa miezi na miaka wamekuwa wakisikia maneno yaleyale kila wanapopelekwa mahakamani: upelelezi haujakamilika. Wengine mashtaka yao hayaruhusu dhamana. Papa Fransisko, akizungumza na wanasheria wa makosa ya jinai mwaka 2014, alikemea matumizi mabaya ya mahabusu yanayoigeuza kuwa adhabu iliyofichwa, itolewayo kabla ya hukumu. Mafundisho Jamii ya Kanisa nayo yanakumbusha kwamba kutafuta ukweli hakuhalalishi mateso, na kwamba kesi inayokawia bila sababu ni mzigo usiovumilika kwa mtu, na huishia kuwa dhuluma. Tume ya kuangalia mfumo wa haki jinai, iliyoundwa mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ambaye mwenyewe aliwahi kuendesha mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda kule Arusha, ilikwisha kutoa mapendekezo mengi. Kilichobaki ni utekelezaji.

Nasi Kagera tuna jeraha letu. Mei 2024, wilayani Muleba, mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa familia yake, na Juni mwili wake ukapatikana ukiwa umekatwa viungo. Washtakiwa tisa walifikishwa mahakamani Bukoba, na miongoni mwao alikuwamo padre wa Jimbo letu. Siku zile nilisikia sauti mbili. Moja ilisema: wapewe wananchi, kesi ya nini? Nyingine ilisema: padre hawezi, ni njama dhidi ya Kanisa. Sauti zote mbili zilikuwa zimekwisha kutoa hukumu kabla shahidi hata mmoja hajasikilizwa. Damu ya mtoto yule inadai ukweli. Ghadhabu ya umati haiupati ukweli huo, na aibu yetu sisi wakleri haina haki ya kuuficha. Unahitaji mpelelezi aliyekusanya ushahidi kwa uhalali, mwendesha mashtaka asiyeogopa joho la padre wala kelele za barabarani, na hakimu aliye huru. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema; kwa binadamu mchungu. Tunaidai haki ya haraka hadi siku mshtakiwa anapokuwa ndugu yetu, ndipo tunapokumbuka kuuliza kuhusu ushahidi.

Wajibu wetu

Mwendesha mashtaka hafanyi kazi peke yake. Kesi nyingi za rushwa na za ukatili dhidi ya watoto hufia vijijini kwetu, pale shahidi anapopewa fedha kidogo asifike mahakamani, au pale wazee wa ukoo wanapoamua "kuyamaliza nyumbani". Mkristo anayekataa kusema kweli aliyoiona amemfunga mikono hata mwendesha mashtaka aliye bora. Na yule anayesambaza kwenye simu jina na picha ya mtuhumiwa akimwita muuaji amevunja amri ya nane kabla mahakama haijaketi. Tume za Haki na Amani za parokia zetu zina kazi kubwa hapa: kuwafundisha waamini namna ya kutoa ushahidi, kuwasindikiza mashahidi wanyonge, na kufuatilia mahabusu waliosahaulika.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu langu ni hili. Akija mwanajeshi kuwashtaki wanunuzi wa butura na wala rushwa, tumpokee kwa heshima, kwa kuwa deni letu kwa watu wa sare ni kubwa. Lakini tumpime kwa kipimo kilekile tutakachompima raia. Je, atakataa kufungua kesi ambayo mkubwa wake anaitaka na ushahidi haupo? Je, ataendelea na kesi ambayo mkubwa wake haitaki na ushahidi upo? Na akiyatenda hayo, je, sisi tutakuwa tayari kupanda kizimbani kusema tuliyoyaona? Vijana wanaolala Kaboya walikufa ili nchi hii isiongozwe kwa matakwa ya mtu mwenye bunduki. Tuwaombee pumziko la milele, na tuwaombee wote walioshika kalamu ya kushtaki katika mkoa wetu wa Kagera, wapate dhamiri nyofu na moyo usiotikisika.